Kumwamini Mtu na Kuiamini Alama

Tumeulizwa swali moja kwa njia nyingi katika sharika zetu za Mbinga na za pwani ya Ziwa Nyasa, nasi twaona yafaa tulijibu hapa kwa wote. Swali ni hili: Mtu akiingia dukani kwa jirani yake, akaona ile alama ya mraba ya kulipia iliyobandikwa ukutani, je, ni adabu kumwuliza mwenye duka, "Litatokea jina la nani?" kabla ya kulipa? Wengine wasema si adabu, maana kuuliza hivyo ni kama kumwambia jirani kwamba twamdhania mwizi. Wengine wasema asiyeuliza ni mjinga, na akiibiwa asimlilie mtu. Majibu hayo mawili hayaturidhishi. Tena swali lenyewe ni kubwa kuliko duka na shilingi, maana ndani yake mna swali la zamani: kumwamini mtu ni nini, na mpaka wake ni wapi?

Kwanza tuitazame alama yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajaitazama vizuri. Ni mraba mweupe uliojaa vidoa vyeusi, na katika pembe zake tatu mna miraba mitatu iliyo mikubwa zaidi. Huitwa QR, na herufi hizo mbili ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya jibu la haraka. Ilibuniwa mwaka 1994 katika nchi ya Japani, na fundi aitwaye Masahiro Hara pamoja na wenzake wa kampuni ya Denso, ili kuhesabia vipande vya motokaa kiwandani. Kabla yake ilikuwapo ile alama ya mistari tunayoiona juu ya sabuni na viberiti, nayo hubeba tarakimu chache tu. Hii ya mraba yaweza kubeba tarakimu zaidi ya 7,000. Miraba mitatu ya pembeni huijulisha kamera upande ulio juu. Tena imefanywa kwa hesabu ya namna hii, kwamba hata ikichafuka au kukwaruzwa yasomeka bado, na ile iliyo imara kupita zote huvumilia hata kadiri ya thelathini katika mia. Kampuni ile iliwaachia watu wote waitumie bila kudai ushuru, na ndiyo sababu imeenea dunia nzima mpaka ikafika kwetu.

Haya hatuyasemi ili tuonekane wenye elimu. Twayasema kwa sababu moja: alama ambayo watu wote wana ruhusa ya kuitengeneza, yeyote aweza kuitengeneza. Kijana mwenye simu janja na mtu wa kumchapia karatasi hana haja ya zaidi ya dakika chache. Basi alama hii si muhuri. Muhuri wa usharika ukiwa chini ya cheti cha ubatizo watuambia ni nani aliyekiandika. Alama ya mraba haituambii ni nani aliyeichapa wala ni nani aliyeibandika. Ni kama bahasha yenye anwani tu, tena anwani iliyoandikwa kwa herufi ambazo hakuna jicho la mwanadamu liwezalo kuzisoma.

Wazee wetu wengi waliwahi kushika barua wasiyoweza kuisoma. Walikuwa hawana budi kumtafuta msomaji, nao walijua vema kwamba maisha yao yako katika kinywa cha msomaji yule. Kisha zikaja shule, watu wakajifunza, wakafurahi kwamba hakuna tena wa kuwadanganya kwa hati. Sasa mwalimu wa kanisa mwenye miwani na vitabu vyake asimama mbele ya alama hii, naye amerudishwa mahali alipokuwa babu yake. Msomaji wake ni simu. Lakini simu ina jambo moja la heri: isomapo, humwambia mwenyewe ilichokisoma. Kabla ya kumwomba namba ya siri humwandikia jina la yule atakayepokea. Katika kazi yote ile, jina ndilo neno la pekee lililoandikwa kwa ajili ya macho ya watu. Na mwenye simu ndogo ya vitufe, isiyo na kamera ya kusomea, huandika kwa vidole ile lipa namba iliyochapwa chini ya alama, naye huonyeshwa jina vilevile. Basi maneno yetu ni ya wote wawili.

Wevi wamelijua jambo hili kabla yetu. Mwezi wa Aprili 2023, wakati wa Ramadhani, mjini Jakarta katika nchi ya Indonesia, mtu mmoja alizunguka misikitini akibandika alama zake penye masanduku ya sadaka, hata katika msikiti mkubwa wa Istiqlal. Juu ya alama zake aliandika maneno ya kutengeneza msikiti. Waumini wakatoa kwa moyo mweupe, na fedha zikaingia kwake, mpaka kamera ya msikiti ilipomwonyesha akibandika, akakamatwa. Mwezi wa Januari 2025 huko Khajuraho nchini India watu walipita usiku, wakabandika alama zao juu ya zile za maduka na za kituo cha mafuta. Asubuhi wateja wakalipa kama desturi, na wenye maduka wakaona kimya. Habari ilijulikana kwa sababu lilitokea jina ambalo halikuwa la mwenye duka, na mtu akalisema. Huko Marekani, mjini Austin, alama za namna hiyo zilikutwa Januari 2022 penye mashine za kulipia maegesho ya magari.

Huku kwetu wizi huu una ndugu yake mkubwa, ambaye kila mwenye simu amekwisha kukutana naye. Ni ule ujumbe mfupi uingiao bila salamu, usemao kwamba ile fedha itumwe kwa namba hii. Tena mara nyingi huongezwa maneno kwamba jina litakalotokea litakuwa la fulani. Wasomaji na wayaangalie maneno hayo ya mwisho. Mwizi ajua kwamba jina ndilo mlinzi aliyebaki mlangoni, kwa hiyo humtangulia mlinzi na kumwambia msafiri asishangae. Hapa mwizi ametufundisha bila kupenda ni kitu gani akiogopacho.

Tuutazame kidogo zaidi ujumbe huo, maana ndani yake mna siri ya wizi wote wa jamii hii. Mwizi wa zamani alimtafuta mwenye tamaa. Alimwahidi faida, au dhahabu ya uongo, na aliyeibiwa alikuwa na sehemu yake ya lawama. Mwizi huyu hatafuti tamaa. Huwapelekea ujumbe watu wengi asiowajua, akijua kwamba miongoni mwao, siku hiyo hiyo, yuko mmoja anayetaka kumpelekea mtoto ada ya shule, au kumlipa mtu wa mbolea, au kumtumia mama mgonjwa fedha ya dawa. Hana haja ya kutunga deni. Deni lipo tayari, naye hujipenyeza ndani yake. Vivyo hivyo na alama ya dukani: mnunuzi amekwisha kuchukua sukari, naye ataka kutimiza haki ya mwenye duka. Basi aibiwaye ni nani? Ni mtu alipaye madeni yake. Mdhulumu asiyelipa mtu hana hatari yoyote katika wizi huu. Wale wamchekao jirani yao aliyeibiwa hivyo, wamwite mjinga, wangefanya vema kukumbuka kwamba wanamcheka kwa sababu alikuwa mwepesi wa kulipa.

Sasa turudi kwenye swali la adabu. Wapo wasemao kwamba zamani watu waliaminiana bila kuulizana, na kwamba kuulizana ni ugonjwa wa siku hizi. Sisi hatukubali. Wazee wa Umatengo walikuwa na sengu. Watu wa ukoo mmoja walikutana kwa mzee wao wakala pamoja, vyakula vya nyumba zote vikiwekwa mahali pamoja; na baada ya kula walizungumza habari za mashamba, wakaamua magomvi, wakawafunza vijana. Penye sengu watu waliaminiana sana, ndiyo. Lakini imani ile ililishwa kila siku kwa macho na masikio. Aliyekula leo alionekana jana na angeonekana kesho. Mgeni aliulizwa atokako na ni mwana wa nani, wala hakuona kwamba ametukanwa. Angeona ajabu kama asingeulizwa. Imani yao ilikuwa imani ya kumjua mtu, nayo ilipatikana kwa kuuliza.

Hata leo tunazo desturi za namna hiyo, ila tumezizoea hata hatuzioni. Mkulima wa kahawa apelekapo gunia lake kwenye chama cha ushirika husimama karibu na mizani, akatazama yaandika nini, akangoja stakabadhi. Karani hasemi, "Unanidhania mwizi?" Angemshangaa mkulima aliyeacha gunia mlangoni akaenda zake. Na sadaka ya Jumapili huhesabiwa na wazee zaidi ya mmoja, mezani, mbele ya wenzao, ikaandikwa kitabuni. Hatujapata kusikia mzee wa kanisa akiomba radhi kwa kuwa na mwenzake wakati wa kuhesabu. Kuhesabu pamoja kwamlinda aliye mwaminifu, ili siku fedha ikipungua pasiwe na mtu wa kumnyoshea kidole. Basi kama mizani haimtukani karani, wala kitabu hakimtukani mzee, jina lisomwalo kwa sauti litamtukanaje mwenye duka?

Twafikiri kinachowafunga watu kinywa ni haya, na haya ni kitu kizuri katika nchi yetu. Tusingependa kuona watoto wetu wamekosa haya. Walakini haya ina mahali pake. Mtu huionea haya nafsi ya mwenzake, uso wake, umri wake, huzuni yake. Karatasi iliyobandikwa kwa gundi haina uso. Aionaye haya karatasi amempa mwizi heshima iliyokuwa ya jirani.

Labda mtu atasema, "Lakini namjua mwenye duka tangu utoto, nimwulizeje?" Hapa yatufaa kukumbuka jambo lililotokea katika pwani yetu, pale Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya mwamba wake. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliingia bandarini. Nahodha Mjerumani wa meli ya Hermann von Wissmann, ambayo wakati huo ilikuwa imepandishwa pwani ili itengenezwe, aliijua sana Guendolen, na nahodha wake Rhoades alikuwa rafiki yake wa kunywa naye. Habari za vita vya Ulaya zilikuwa zimemfikia Rhoades. Yeye zilikuwa hazijamfikia. Hata mzinga ulipolia hakuelewa. Yasimuliwa kwamba alitoka kwa mashua ndogo, amejaa hasira, kumwuliza rafiki yake kama amelewa. Akachukuliwa mateka.

Nahodha huyo hakukosa kumtambua rafiki yake. Meli ilikuwa ile ile, na uso ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kazi iliyoletwa na meli, na juu ya hiyo hakuwa na habari. Ndivyo ilivyo na alama ya dukani. Ukuta ni ule wa miaka yote, na jirani ni yule uliyesali naye Jumapili. Lakini karatasi yaweza kubadilishwa usiku, na jirani mwenyewe asiwe na habari. Basi umwulizapo jina humjaribu yeye. Mnasimama pamoja, wewe na yeye, kuitazama karatasi ambayo ninyi wawili hamwezi kuisoma. Na jina likiwa lake, amepata faida kuliko wewe, maana amejua kwamba leo fedha yake yaingia kwake.

Sasa tumefika mahali pagumu zaidi, nasi twaomba wasomaji watuvumilie. Tuseme mama mmoja auza usipa pale Mbamba Bay, na mnunuzi ameshuka kutoka Mbinga. Amechukua mzigo wa shilingi 40,000, akalipa kwa alama iliyo mezani pa mama. Simu ikaandika jina la mwanamume asiyemjua, lakini gari lilikuwa likipiga honi, naye akabonyeza namba ya siri akaondoka. Jioni mama atazama simu yake, hakuna kitu. Alama ya mezani ilikuwa imebandikwa juu ya ile yake. Mama asema, "Sikulipwa." Mnunuzi asema, "Nililipa mezani pako." Wote wawili wasema kweli. Hasara ni ya nani?

Mtu wa haraka atasema ni ya mwizi. Naam, ni ya mwizi. Lakini mwizi hayupo, na usipa umekwisha kuliwa. Mwingine atasema ni ya mama, kwa kuwa awekaye sahani ya kupokelea fedha hana budi kuilinda sahani yake. Neno hilo lina haki ndani yake. Mnunuzi hakubandika kitu, alilipa pale alipoonyeshwa. Mwingine atasema ni ya mnunuzi, kwa kuwa aliandikiwa jina asilisome.

Sisi twaonelea hivi. Katika dakika ile jina lilipotokea, katika dunia yote mtu aliyekuwa na uwezo wa kujua kwamba jina na mama havipatani alikuwa mnunuzi peke yake. Mama hakuiona simu yake. Neno moja lingetosha: "Mama, hili ni jina lako?" Ajuaye, hata kwa dakika moja, hubeba mzigo ambao asiyejua habebi. Kwa hiyo tukiulizwa katika baraza la wazee tungesema sehemu kubwa ya hasara ni ya mnunuzi, ijapokuwa alilipa kwa nia njema. Lakini kama jina lililotokea lilikuwa jina la biashara tu, lisilomwonyesha mtu, au lilifanana na la mama, basi mnunuzi alikuwa hana njia ya kujua, na ulinzi wa meza ulikuwa wa mama. Na kama wote wawili ni maskini, tungewashauri wagawane, maana hukumu iliyo sawa kwa kipimo huweza kumvunja mmoja kabisa. Twajua wapo watakaotupinga, nasi twapenda kusikia hoja zao.

Ila kuna jambo limefichika katika mfano huo. Kwa nini mnunuzi hakushtuka alipoona jina la mwanamume? Kwa sababu amezoea. Mara ngapi tumelipa kwa mama lishe, likatokea jina la mume wake. Kwa mwenye duka, likatokea la shemeji yake aliye Songea. Kwa mwuza vocha, likatokea la mtu aliyemwachia kibanda? Watu hawa si wezi. Hawakuwa na kitambulisho, au waliona shida kwenda kujiandikisha, wakaazima jina. Lakini kila alipaye kwa jina geni na mambo yakaenda salama, hujifunza somo, nalo ni kwamba jina si kitu. Mwizi ajapo hukuta somo limekwisha kufundishwa, na waalimu wake ni watu waaminifu. Huu ndio uzito ambao tungependa wafanya biashara Wakristo waupime: jambo dogo lisilo dhambi kwangu laweza kuwa pazia la dhambi ya mwingine.

Na tusiwaambie wauza usipa peke yao. Ziko sharika ambazo hutangaza namba ya simu ya mtu mmoja kwa kupokea ahadi za ujenzi na sadaka za walio mbali, labda mtunza hazina, labda mwinjilisti, kwa kuwa ni mtu mwaminifu na namba yake yajulikana. Hatuna shaka na uaminifu wake. Lakini siku mwizi atakapotuma ujumbe, akasema namba ya usharika imebadilika na litatokea jina la fulani, Wakristo watamtambuaje? Wamezoea kutuma kwa jina la mtu. Usharika na ujitafutie lipa namba yenye jina la usharika, jina hilo lisomwe kanisani wazi wazi, na alama ikibandikwa mlangoni wazee waitazame kila Jumapili kama watazamavyo kufuli la sanduku. Habari ya Jakarta ilitokea katika nyumba za ibada, na sababu ni nyepesi: huko watu hutoa bila kuuliza.

Wengine wametuandikia kwamba haya yote ni kazi ya serikali na ya kampuni za simu, si ya mwanamke mwenye ungo wa samaki. Sehemu ya neno hilo twalikubali. Tangu fedha za simu zilipoanza hapa Tanzania kwa M-Pesa mwaka 2008, kampuni zimepata faida kubwa, na apataye faida ya njia yampasa kuilinda njia. Benki Kuu imeweka namna moja ya alama kwa taifa zima, iitwayo TANQR, ili alama moja ipokee kutoka kwa kampuni na benki mbalimbali. Iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tena kila laini iliamriwa isajiliwe kwa alama za vidole, na siku ya mwisho ilikuwa tarehe 20 Januari 2020. Kwa amri hiyo ingekuwa kila namba ya mwizi ina kidole cha mwizi.

Mbona basi hawaonekani? Kwa sababu kidole chaweza kuazimwa kama jina. Mzee aenda kusajili laini moja, kijana wa usajili amwambia haikushika, aweke tena kidole. Ya pili ni ya nani? Au kijana apewa shilingi elfu chache amsajilie mgeni laini, naye hauulizi mgeni ataifanyia nini. Huyu wa pili hatuwezi kumwombea udhuru. Ameuza jina lake kwa mtu asiyemjua, na jina ndilo kitu kile ambacho tumekuwa tukiwaambia watu walitazame. Yeyote aweza kubonyeza *106# katika simu yake akaona ni laini zipi zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Wazee wasioweza kufanya hivyo wenyewe wafanyiwe na watoto wao, maana wao ndio walioombwa kidole mara mbili.

Liko pia neno juu ya aibu. Mtu akiibiwa hivi, mara nyingi hasemi. Mwanamume hamwambii mke wake; mwalimu hawaambii wanafunzi wake. Hungoja, labda fedha itarudi. Kwa kungoja huko mwizi hupata muda wa kuitoa fedha kwa wakala na kwenda kijiji cha pili kabla habari haijafika. Apasaye kufanya haraka ni aliyeibiwa: aipigie kampuni yake ya simu saa ile ile, maana mara nyingine fedha huzuiwa kabla haijatolewa, kisha aende polisi. Na ujumbe wa udanganyifu apelekewao, hata kama hakudanganyika, aupeleke kwa namba 15040, iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo. Lakini hatasema neno akijua kwamba akisema atachekwa. Kwa hiyo walimu, mkimsikia mtu akieleza hasara yake katika mkutano, mzuieni acheka kabla hamjamfariji aliyeibiwa.

Wauzaji nao wana hatari yao, ambayo tutaitaja kwa kifupi. Mnunuzi humwonyesha mwuzaji ujumbe katika simu yake mwenyewe, kwamba amekwisha kulipa, naye ameuandika tu. Mwuzaji na aungoje ujumbe uingiao katika simu yake yeye, tena atazame salio. Na mtu awaye yote akiambiwa kwamba ili apokee fedha yampasa kupitisha alama au kubonyeza namba yake ya siri, ajue amefika kwa mwizi; kupokea hakuhitaji namba ya siri.

Mwisho tumeulizwa juu ya wale wasiojua kusoma, hasa mama zetu wakubwa wa pwani wanaoanika usipa mchangani. Wao jina litawasaidia nini? Tuliona jambo zuri katika kijiji kimoja, nasi twalipendekeza. Asubuhi, kabla mitumbwi haijarudi, mjukuu aliye darasa la nne huichukua simu, akaielekeza kwenye alama ya bibi yake kana kwamba ataka kulipa, akangoja jina litokee, akalisoma kwa sauti mpaka bibi aitike kwamba ni lake. Kisha hufuta bila kulipa kitu, akaenda shuleni.